Daktari Niliyemchapisha Mwenyewe

Sehemu ya sita

Wewe uliyefungia maandazi gazeti la wiki iliyopita, sogea nikukumbushe kidogo, halafu tuendelee na aibu yangu.

Naitwa Josia Luhaga. Miaka kumi na moja nilikuwa mhudumu wa josho la ng'ombe pale Sapiwi, mpaka josho likapasuka na likaachwa hivyo hivyo. Nikaandika kitabu kuhusu kupe. Nikakichapa mwenyewe kwenye steshenari ya Bariadi mjini, karatasi zikashikwa na pini mbili, jina langu juu.

"Kimetolewa na nani?" watu waliniuliza.

"Na mimi."

"Aah." Wakakirudisha mezani taratibu, kama wanarudisha kitu cha marehemu. Muuza karanga peke yake ndiye aliyechukua nakala nyingi, na hakuchukua kusoma.

Basi, shetani akanipitia. Nilichukua kitabu kilekile nikampelekea Bryson, mwenye steshenari, akivalishe upya. Jalada la kung'aa. Mwandishi, Dkt. F. F. Marcelo. Kampuni, Pan-Savana Publishers, Dar es Salaam, Nairobi, Jeneva. Daktari huyo hayupo. Kampuni haipo. Jeneva siijui, na hata Dar nimefika mara moja tu, kwenye msiba.

Kikagombaniwa! Kilitangazwa kanisani baada ya ibada. Bwana Fredrick, afisa mifugo wa kata aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi, alikibeba kwapani kila kikao, na naapa hakuwahi kukifungua. Mimi nikakaa pembeni nikimeza sifa za mtu ambaye hayupo.

Niliwaacha pale nilipokifungua mwenyewe kwa mara ya kwanza, ukurasa wa thelathini na mbili. Kitabu changu cha pini kinasema: kwa bomba moja la kupulizia la mgongoni, weka dawa ya kupe vizibo vinne vya soda. Cha Daktari kinasema: weka vikombe vinne.

Vikombe, jamani! Dawa ya namna hiyo inaua kupe na ng'ombe aliyembeba kupe.

Sasa endelea nami.

Nilimfuata Bryson mbio. Nilimkuta anatoa nakala za vyeti vya kuzaliwa.

"Bryson, nani alikwambia ubadilishe vizibo?"

"Kaka Josia, tuwe wakweli. Daktari mwenye digrii mbili anapima dawa kwa kizibo cha soda? Kampuni ya Jeneva? Watu wangeshtuka."

"Na ng'ombe wakifa?"

"Wewe ulisema nikifanye kisomeke kama cha kampuni. Nimekifanya. Tena nilikupa usome kabla sijachapa. Ulisema nini?"

Nikatazama mashine yake.

"Ulisema jalada limependeza," akanikumbusha, akaendelea na vyeti vyake.

Ni kweli nilisema hivyo. Nilikishika, nikakipapasa, nikanusa wino, nikaamini kila kilichokuwa ndani bila kusoma. Mimi niliyekiandika! Kama mimi nilidanganywa na jalada langu mwenyewe, nitamlaumu nani mwingine?

Nikiwa bado nimesimama pale, simu ikaita. Alikuwa Kabula, mke wangu. Wiki hiyo alikuwa kwao Sapiwi akimsaidia mama yake kukata michembe ya viazi.

"Baba Esteria," akasema, "baba kanunua dawa ya kupe mnadani, lita mbili."

"Ina maelekezo?"

"Maelekezo ya nini? Imepimwa kwenye chupa za maji. Jumamosi anaogesha ng'ombe wote ishirini na saba, na mimi ndiye namsomea kipimo kwenye kitabu cha Daktari Marcelo."

Mzee Mayige, baba mkwe wangu, hana shamba la maana wala duka. Ng'ombe wale ishirini na saba ndio maziwa yake, ndio jembe lake, ndio hospitali yake na ndio ada za wajukuu. Akiwapoteza hao, amekwisha.

"Kabula, nisikilize. Siyo vikombe. Ni vizibo."

"Nani kasema?"

"Mimi."



"Mume wangu, usijisikie vibaya," akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma zaidi. "Lakini Daktari ni Daktari."

Hapa naomba mnitukane kabisa, nimestahili. Mke wangu wa ndoa sikuwa nimemwambia kwamba huyo Daktari ndiye anayekoroma kitandani kwake. Mwezi mzima Kabula alikuwa akimsifu: ana akili, anaandika vizuri, siyo kama watu fulani wanaobanabana makaratasi na pini. Nami nilikuwa nikimwonea wivu Daktari na wakati huohuo nikijivunia kuwa yeye. Nilifungua mdomo nimwambie. Aibu ikanifunga.

"Nakuja," nikasema.

Ijumaa asubuhi nilipanda bodaboda mpaka Sapiwi. Njiani nilimpigia Bwana Fredrick mara sita. Alikuwa semina Dodoma, na simu yake haikupatikana.

Mzee Mayige nilimkuta amekaa uani kwake. Kitabu cha Daktari kilikuwa mapajani, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kisiingie vumbi.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wana Luhaga. Karibu kigoda."

Nikakaa. Tuliulizana habari za nyumbani, za watoto, za pamba. Kisha nikatoa kitabu changu cha pini na kumweleza habari ya vizibo na vikombe, polepole, kwa adabu, maana kwetu mkwe habishani na mkwewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mzee hajui kusoma, ila alivichukua vitabu vyote viwili akavipima mikononi, kimoja huku, kingine huku.

"Hiki chako kimetengenezwa wapi?"

"Bariadi, baba."

"Na hiki?"

"Jeneva."

"Huko kuna ng'ombe?"

"Wapo."

"Wakubwa?"

"Wakubwa sana, baba."

"Basi," akasema, akanirudishia cha kwangu.

"Baba, lakini mimi nimefanya kazi ya josho miaka kumi na moja. Ng'ombe hawa hawa umekuwa ukiwaleta kwangu. Amekufa hata mmoja?"

"Hajafa."

"Sasa?"

"Sasa nini? Wewe nakufahamu. Nilikuona ukianguka na baiskeli pale kwa Sayi ukiwa na mtungi wa pombe. Huyu Daktari sijamwona akianguka popote."

Shigela akacheka mpaka akashika ukuta. Huyo ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa Kabula, na ni manju wa ngoma anayejulikana kuanzia hapo mpaka Maswa. Kusoma kwake ni kwa kubabaisha, lakini sauti anayo, na kitabu cha Daktari alikipenda kuliko sisi wote. Alitembea nacho kwenye mkoba wa njuga.

"Shemeji," akaniambia, "wivu mbaya. Mwenzako ameandika, kampuni imemwona, imemchapisha. Wewe nani kakuona?"

"Shigela, hizo dozi zitaua ng'ombe wa baba yako!"

"Kampuni nzima ikosee, wewe upatie?"

"Ndiyo!"

"Kuna watu wangapi kwenye kampuni?"

Ningesema wawili, mimi na Bryson, na mambo yangekwisha hapohapo. Sikusema. Mnaniona mtu wa namna gani? Nilishindwa kwa sababu Kabula alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha michembe mkononi, ananitazama kwa huruma.

Kelele zikapanda. Mimi vizibo, Shigela vikombe. Mzee akagonga fimbo chini.

"Nyamazeni! Mimi kusoma sijui, ila kushindanisha najua. Kesho saa nne, uwanja wa mnada. Shigela na kitabu cha Daktari upande huu. Josia na kitabu chake upande ule. Mtavisoma kwa wakati mmoja, kama Wagika na Wagalu. Atakayevuta watu wengi, kipimo chake ndicho nitakachotumia."

Kwa asiyejua, ngoma zetu hushindana hivyo. Makundi mawili, kama hao Wagika na Wagalu, yanacheza uwanja mmoja saa ileile, na watu wanahamahama mpaka upande mmoja unabaki na vumbi tu. Hakuna karatasi ya alama wala majaji.

"Baba, dawa siyo ngoma," nikasema.

"Kila kitu ni ngoma. Diwani tulimpataje?"

Nami nilikubali. Mimi niliyesoma, nilikubali kipimo cha sumu kiamuliwe kwa miguu ya watu, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema ukweli. Mzee akaagiza ng'ombe wasitolewe zizini kesho mpaka mshindi apatikane.

Nililala vibaya siku hiyo, na nilichelewa kuamka. Kabula hakuwepo chumbani. Nikadhani ameenda kisimani.

Saa nne uwanja ulikuwa umejaa. Pamba imeshauzwa, watu hawana kazi, na habari kwamba mkwe anashindana na shemeji yake kwa vitabu ilikuwa imefika vijiji vya mbali. Boma la Mzee Mayige limepakana na uwanja huo, kwa hiyo yeye alibeba kigoda chake tu akakaa katikati, mgongo ameuelekeza zizini, uso kwetu.

Shigela alikuja na ngoma tatu, njuga miguuni, na chatu mzima shingoni. Kitabu cha Daktari kilikuwa mkono wa kulia, kimeinuliwa juu, jalada linang'aa kwenye jua.

"Vikombe vingapi?" akaimba.

"Vinne!" watu wakaitikia.

"Kasema nani?"

"Daktari!"

"Anakaa wapi?"

"Jeneva!"

Akanyonga kiuno, chatu akainua kichwa, akina mama wakapiga vigelegele. Ukurasa ule wa thelathini na mbili haujawahi kusomwa vizuri namna ile.

Upande wangu mimi nilipanda juu ya pipa tupu na kipaza sauti cha mnada. Nilianza mwanzo kabisa, kwa sababu niliamini mtu akielewa kupe ataelewa na dawa. "Sura ya kwanza. Maisha ya kupe. Kupe ana hatua nne za kukua, nazo ni yai, buu, tunutu na kupe mkubwa."

Nilianza na watu saba. Nilipofika kwenye tunutu walibaki wanne. Mmoja alikuwa Mzee Sayi, ambaye alikuwa amelala. Wawili walikuwa wazee wa kanisa ambao waliona vibaya kuondoka. Wa nne alikuwa Bibi Nyanjige, jirani wa Mzee Mayige, aliyeniangalia kwa masikitiko mpaka akashindwa kuvumilia.

"Mjukuu wangu," akasema, "hivi huwezi kumpigia huyo Daktari aje akusaidie kusoma?"

Ndugu msomaji, kuna maneno yanamkuta mtu mahali pabaya. Kitu kikakatika ndani yangu. Nilitupa kitabu chini, nikakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Daktari hayupo!" nikapiga kelele.

Vichwa kama kumi hivi vikageuka.

"Hayupo! Hajawahi kuwepo! Daktari Marcelo ni mimi, Josia Luhaga wa josho!"

Mtu akacheka upande wa kule. Wengine watano wakasogea.

"Digrii zake mbili nimempa mimi! Niliona moja haitoshi!"

Kicheko.

"Na hiyo Jeneva mnayoimba ni steshenari ya Bryson, Bariadi mjini, mkono wa kushoto ukitoka stendi! Mlango wa buluu!"

Watu wakaanza kukimbia kuja kwangu. Wanakimbia kabisa, kanga zinaanguka. Nami nilikuwa nimeshafunguka, sikuweza tena kujizuia.

"Mnaona mistari ile myeusi nyuma ya kitabu, ile mnayosema ni ya kimataifa? Nimeikata kwenye boksi la sabuni ya kufulia!"

Loo! Uwanja ulipasuka. Bibi Nyanjige alikaa chini. Mzee Sayi aliamka akauliza kuna nini, akaelezwa, naye akacheka. Niliwaambia yote. Jinsi nilivyoandika mwenyewe yale maneno ya sifa kwenye jalada la nyuma, na kumpa sifa hizo profesa niliyemtunga jikoni nikisubiri ugali. Jinsi nilivyoenda kanisani nikakaa kiti cha mbele kusikiliza kitabu changu kikitangazwa, nikatoa sadaka ya shukrani. Jinsi mke wangu alivyomsifu Daktari nami nikamwonea wivu nikiwa nimelala naye kitanda kimoja.

Nilikuwa nalia. Machozi ya kweli yalinitoka, na wao wakaona ndiyo nimenoga.

"Mkwe wa Mayige kumbe ni mchekeshaji!" mtu akapiga kelele.

"Huyu ni wa kwenye runinga!"

"Anajifanya Daktari! Mwoneni uso!"

Hakuna aliyeniamini. Lakini walikuja wote. Kule kwa Shigela alibaki Shigela, chatu na mpiga ngoma mmoja, kisha mpiga ngoma naye akaja. Shemeji yangu alisimama peke yake kwenye vumbi na kitabu cha kimataifa mkononi, akaniangalia kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwake.

Mzee Mayige akainua fimbo juu.

"Watu wamesema! Mkwe ameshinda! Ni vizibo!"

"Vizibo!" watu mia mbili wakaitikia.

Nilishuka kwenye pipa. Nilifurahi, sitawaficha. Nilijisemea moyoni, Josia, umeokoa ng'ombe, na kitabu chako cha pini kimekishinda cha kampuni mchana kweupe. Nilikiokota pale chini nikakifuta vumbi. Nilimtazama hata Mzee Sayi nikamwona mtu mzuri.

"Kabula!" Mzee akaita. "Leta ile dawa na bomba. Mumeo apime hapahapa, watu waone."

Watu wakampisha njia. Kabula alikuja polepole. Katika watu wote wa uwanja ule, yeye peke yake hakuwa anacheka. Mkononi alishika chupa mbili za maji, zile za lita mojamoja.

Alisimama karibu yangu sana, akaongea chini chini.

"Baba Esteria, hayo uliyosema ni maigizo au ni kweli?"

"Ni kweli."

"Apa."

"Haki ya Mungu. Naapa kwa mtoto wetu."

"Daktari Marcelo ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na vikombe?"

"Alivitunga Bryson. Aliona kizibo hakina hadhi. Nisamehe, mama. Nilitaka kukwambia."

Midomo yake ilikuwa imepauka. Akanipa zile chupa. Zilikuwa nyepesi, nikaziinua nikatazama. Hazikuwa na kitu.

"Kabula, dawa iko wapi?"

"Nimeogesha alfajiri."

Nilimsikia, ila akili ilikataa kupokea.

"Nilijua utashindwa," akasema. "Nikasema, hata akishinda itakuwa mbaya zaidi, baba atawapunja ng'ombe dawa kwa vizibo, kupe wasife. Nikaona mali ya baba isiwe mchezo wa mnadani. Nikaamka mapema, nikawasha tochi, nikafungua kitabu. Nilipima vizuri, Josia. Nilirudia kusoma mara mbili ili nisikosee. Vikombe vinne kwa bomba. Mabomba mawili tu dawa ikaisha, nilikuwa nimefika ng'ombe wa nane."

"Nane gani?"

"Nilianza na wale wa maana. Wanne wa maziwa. Na maksai wa kulimia, wote wanne."

"Mama Esteria..."

"Sikukuamini," akasema. "Nilimwamini yeye kuliko wewe."

Sijawahi kupigwa kofi likaniuma namna ile. Nilitaka kumshika mkono, lakini macho yake yalikuwa yameshaniacha, yanatazama nyuma ya baba yake, kule zizini. Nikageuka.

Maksai mkubwa, yule mwenye madoa ambaye Mzee humwita kwa jina kabla ya kuita watoto wake, alikuwa amesimama langoni miguu imepanuka. Mate yalikuwa yanamtoka mdomoni kama povu la sabuni. Ngozi ya mgongo inatetemeka. Akapiga hatua moja, miguu ya mbele ikakunja, akaanguka kwa ubavu.

Kabula alitupa kanga ya begani akaondoka mbio kwenda kisimani.

Mimi nilikirukia kipaza sauti.

"Maji!" nikapiga kelele. "Leteni maji na sabuni! Ndoo, madumu, chochote! Ng'ombe wamepigwa sumu!"

Watu wakaangua kicheko.

"Jamani, siyo maigizo! Ng'ombe wanakufa! Tuwaoshe! Maji na sabuni, upesi!"

"Sabuni ya lile boksi?" mtu akauliza, na uwanja mzima ukalipuka upya.

"Tazama machozi! Ya kweli kabisa!"

"Huyu Bariadi wanamficha kwa nini?"

Nilimkimbilia Shigela. "Shemeji, nakuomba, geuka utazame zizi la baba yako!"

Shigela akanipigapiga begani. "Umenimaliza, shemeji. Nimekubali. Ila mwachie mzee apumzike, atapasuka mbavu."

Nikamwendea Mzee Mayige mwenyewe, nikapiga magoti mbele ya kigoda chake, kitu ambacho mkwe hufanya siku ya kuomba mke tu. Nikamwonyesha kwa kidole nyuma yake. Ng'ombe wa pili, wa maziwa, alikuwa ameshaanza kupiga magoti.

"Baba, geuka. Nakusihi kwa Mungu. Geuka utazame."

Mzee hakugeuka. Alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya shuka lake, mabega yanamtikisika, na watu nyuma yangu wanapiga makofi.

"Pale pa maji na sabuni, mkwe wangu," akasema akihema. "Panda tena kwenye pipa. Rudia hapo."